Weldi ya Kosgei Yapelekwa Angani

Kipngeno Kosgei alikuwa amebakiza wiki sita tu astaafu, na kabla ya kuvua aproni yake ya ngozi kwa mara ya mwisho alitaka kitu kimoja. Hakutaka saa ya ukutani. Hakutaka blanketi la kupewa mbele ya watu wakipiga makofi, maana mablanketi alikuwa nayo manne. Alitaka Jaspreet Singh aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba weldi ya mwaka wa themanini na sita haikukatika.

Singh, mwenye gereji, hakuwa na nia ya kusema neno kama hilo. Hata angesimamishwa mbele ya hakimu angejibu vilevile alivyojibu kwa miaka ishirini na miwili: weldi ilikatika, na aliyeichomelea ni Kosgei.

Wacha niwaeleze jambo lenyewe, kwa sababu Nakuru nzima inalijua nusunusu. Gereji ya Singh iko Industrial Area na kazi yake ni moja. Unaleta lori likiwa kichwa na chesisi tupu, wao wanakuundia bodi ya kubebea mzigo. Singh huchora kwenye karatasi ya kaki kwa penseli bapa ya seremala, ambayo huichomeka pembeni mwa kilemba chake. Kosgei huunganisha chuma. Ana desturi yake: akimaliza kuchomelea hungoja chuma kipoe, kisha hukigonga mara tatu kwa nyundo ndogo, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Mlio ukimridhisha husema, "Imekubali." Usipomridhisha hukata yote na kuanza upya, hata kama mwenye lori amesimama pale akitazama saa. Tangu atoke kwao Keringet na kuingia gereji ile, hakuna aliyewahi kumrudishia kazi, isipokuwa mara ile moja.

Mwaka huo mfanyabiashara mmoja wa viazi alitaka bodi ndefu kupita kawaida. Singh akachora, mkia ukatokeza futi tatu zaidi nyuma ya magurudumu. Kosgei akachomelea, akagonga, ikakubali. Dereva aliitwa Mburu. Safari ya tatu, Mburu alitoka Keringet na shehena ya viazi, akasimama Molo kushusha magunia kadhaa, akaendelea. Alipofika kwenye mwinuko mmoja baada ya Molo, lori likainua magurudumu ya mbele. Likasimama kama mbuzi anayefuata majani ya juu, likakaa hivyo kidogo kana kwamba linafikiria, halafu likarudi chini kwa kishindo. Bodi ikaachana na chesisi. Viazi vikateremka bondeni, na watu wa kule wakala mukimo wa viazi vya kupondwa wiki mbili bila kumshukuru mtu. Hakuna aliyeumia, ila Mburu alijiuma ulimi.

Singh alifika, akaona kiungo kimekatika, akasema, "Weldi." Kosgei alifika, akaona ule mkia umelala barabarani, akasema, "Mkia." Na hapo ndipo walipobaki, kila mmoja na neno lake, kwa miaka ishirini na miwili.

Ubaya ni kwamba Singh ndiye mwenye gereji, na mwenye gereji akifanya mzaha watu hucheka. Mpini wa birika ukichomoka, Singh aliuliza, "Nani alichomelea?" Mguu wa kiti ukilegea, "Nani alichomelea?" Siku moja jino lake mwenyewe la bandia lilivunjika akitafuna njugu, akalitema kwenye kiganja, akaliangalia, akauliza vilevile. Mfanyakazi mpya alifundishwa mzaha huo kabla ya kuonyeshwa choo kilipo. Kosgei naye alicheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole akiwa kanisani. Hakumchukia Singh. Walikuwa wamekula pamoja kila adhuhuri tangu zamani, Kosgei akitoa ugali na sukuma wiki, Singh akitoa chapati na achari ya ndimu, kisha wakibadilishana. Ni lile neno tu lililomkera. Fundi hana cheti kikubwa kuliko kazi yake, na yeye cheti chake kilikuwa na doa.

Mwaka wa 2008 ulianza vibaya, kwa ghasia za uchaguzi, na mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa. Kufikia Julai mji ulikuwa umetulia na mashine za Singh zilikuwa zinanguruma tena, lakini wenye malori walikuwa bado wanasitasita, kwa hiyo kazi ilikuwa haba na saa ya chakula ikarefuka. Ofisini palikuwa na kompyuta moja, na mbele yake alikaa Unnati, msichana wa kuandika barua na kupokea simu. Binamu yake alikuwa amempa CD yenye mchezo. Ndani ya mchezo huo unaunda chombo chako kipande kwa kipande, matanki, mabawa, injini, magurudumu, halafu unakirusha mpaka kitoke nje ya hewa na kuizunguka dunia. Hakuna kupiga bunduki wala kuua jini. Uzito ni uzito, upepo ni upepo, na ukikosea kuunda, chombo kinakuaibisha hadharani.

Singh alimfumania Unnati akicheza. Msichana akadhani kazi imekwisha. Badala yake mzee wa miaka sitini na saba akavuta kiti, akatoa penseli kwenye kilemba, akaanza kuuliza maswali. Baada ya siku tatu alifungua dirisha la ofisi akaita uani, "Kosgei! Kuja uone. Hii kitu inakataa kupanda."

Kosgei alikwenda na mkebe wake wa chakula mkononi. Kwenye skrini alikuta kitu ambacho hakikuhitaji kuulizwa kimeundwa na nani. Kilikuwa chombo cha kwenda angani, ndiyo, chenye mabawa mafupi na injini mbili kubwa nyuma, lakini kilikuwa na bampa mbele, bampa nyuma, vyuma vya kukaza ubavuni, magurudumu manane na stepni mbili za akiba tumboni.

"Uncle anakataa nitoe hizo vitu," alisema Unnati. "Inakuwa nzito sana."

"Na springi umeweka?" Kosgei aliuliza, akiinama.

"Nimeweka," alisema Singh.

"Ongeza moja kila upande."

Unnati alishika kichwa. "Mzee Kosgei, hata wewe! Huko juu hakuna barabara."

"Hata huku hakuna barabara," Singh alimjibu, "na tunaweka springi."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila adhuhuri wazee wawili na msichana mmoja walibanana mbele ya skrini, achari ikidondokea kwenye vitufe. Wiki ya kwanza chombo hakikuinuka hata kimo cha kuku. Kilikimbia kwenye njia yake ndefu, kikapita mwisho wa lami, kikaingia porini, na Singh akashukuru kwamba angalau stepni zipo. Polepole, kwa maombi na vitisho, Unnati aliwaondolea bampa, halafu springi, halafu stepni moja. Ya pili Singh alikataa katakata. Wakakiandika jina ubavuni kama lori lolote lenye heshima: KURESOI EXPRESS, kwa heshima ya upande wa kwao Kosgei. Kosgei ndiye aliyepewa kazi ya kuunganisha tanki la mbele na la nyuma, kwa sababu, alisema Singh, kila mtu afanye anachojua. Kosgei alisogeza mausi kwa mkono uleule uliozoea nyundo, akaunganisha, akagonga meza mara tatu, akasema imekubali.

Siku ile KURESOI EXPRESS iliacha ardhi kwa mara ya kwanza. Mafundi wote walikuwa wamejazana dirishani, wengine wamepanda kwenye matairi ili waone. Chombo kikapanda, anga likaanza kukolea bluu, watu wakapiga miluzi. Kisha pua yake ikainuka. Ikainuka tena, kupita kiasi, chombo kikasimama wima kikionyesha tumbo, na kufumba na kufumbua kilikuwa vipande viwili. Kiungo kilichokatika kilikuwa kati ya tanki na tanki.

Halafu Singh akageuka polepole kuelekea dirishani, akanyanyua mikono miwili, na hakuhitaji hata kuuliza, maana mafundi wote waliuliza kwa sauti moja, "Nani alichomelea?"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye tairi. Unnati naye alicheka, ingawa aliziba mdomo kwa heshima. Kosgei alifunika mkebe wake, akasema kazi inangoja, akatoka. Alipofika kwenye kona yake alikaa juu ya sanduku la rodi za kuchomelea, na ukweli ni kwamba macho yalimjaa. Wiki sita. Angeondoka baada ya wiki sita, na mzaha ungebaki pale ukila mshahara wake.

Siku mbili baadaye Singh alisafiri kwenda Eldoret kumwona mteja. Paka akiondoka panya hutawala, na saa ya chakula ilipofika Kosgei alikuwa tayari amesimama mlangoni mwa ofisi, miwani amevaa.

"Unnati, nionyeshe pole pole," alisema. "Nataka kujua kwa nini inakatika."

Alianza kwa namna anayoijua. Aliongeza vyuma kwenye kiungo, vinne, kisha vinane, mpaka pale katikati pakaonekana kama goti lililofungwa bandeji. Wakarusha. Pua ikainuka, chombo kikavunjika. Akaongeza vingine. Pua ikainuka. Kosgei akaanza kutweta kana kwamba anabeba vyuma vile mgongoni.

"Kuna hii," alisema Unnati, akabonyeza kitufe. Doti ya njano ikatokea katikati ya chombo, na nyingine ya bluu nyuma yake kidogo. "Ya njano ni pahali uzito wote umekaa. Ya bluu ni pahali mabawa inabeba. Njano ikiwa mbele ya bluu, iko sawa."

"Basi iko sawa."

"Sasa angalia ikienda."

Wakarusha tena, na mara hii Unnati aliupunguza mchezo kasi mpaka mambo yakaenda kama siku ya njaa. Kosgei alikodoa macho. Injini zilikuwa zinakunywa mafuta ya tanki la mbele kwanza. Tanki la mbele lilivyopungua, doti ya njano ilianza kurudi nyuma. Ilirudi, ikaifikia ya bluu, ikaipita. Papo hapo pua ikainuka. Kiungo kilikuwa bado kizima. Chombo kikasimama wima, na kiungo bado kizima. Upepo ukakipiga tumboni, kikapinda, na hapo ndipo kiungo kikaachia.

"Rudisha," alisema Kosgei.

Unnati alirudisha mara nne. Mara zote nne pua ilitangulia na kiungo kikafuata. Kosgei akasimama, akaketi, akasimama tena. Weldi haikuangusha kitu. Weldi ilivunjwa na kishindo cha kitu kilichokwisha kuanguka! Lori la mwaka wa themanini na sita lilisimama kwanza kwa miguu ya nyuma, na bodi ikaachana na chesisi liliporudi chini. Alimshika Unnati mikono yote miwili akaitikisa kama mtu anayeamkia shemeji. Alikuwa amefika mlangoni kwenda kuwaita mafundi wote wasikie, mguu mmoja nje na mmoja ndani, ndipo swali lilipomshika shati.

Tanki la mbele ndilo lililomwagwa kwanza. Sasa kwenye lori, ni nani aliyemwaga mbele?

Alirudi ndani akaketi. Alikumbuka kitu ambacho hakuna aliyemwomba akiunde. Bodi ile ilikuwa ndefu, na kutoa magunia kupitia nyuma kulichosha watu, kwa hiyo yeye, kwa akili yake mwenyewe na siku ya mapumziko yake mwenyewe, alikata mlango mdogo ubavuni, karibu kabisa na kichwa cha lori. Singh aliusifu. Wachukuzi waliusifu. Kosgei aliwaonyesha bawaba zake kwa fahari na akamwambia Mburu, neno kwa neno, "Anza na za mbele, zitatoka kama maji." Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na wangeweza kuongeza kwamba wakati mwingine nguo umeishona mwenyewe.

Jioni baada ya kazi alikwenda mtaa wa Free Area, ambako Mburu siku hizi alikuwa na kibanda cha kuziba pancha. Hawakuwa wameonana tangu kabla ya Krismasi. Yaliyotokea mjini Januari kati ya makabila yao yalikuwa yamewafanya watu wengi wasijue namna ya kubisha mlango wa rafiki, na wawili hawa walikuwa miongoni mwao. Mburu alimwona akija, akaweka chini tairi alilokuwa akilikung'uta.

"Kosgei. Umepotea, bwana."

"Hata wewe hukunitafuta."

"Ni kweli," alisema Mburu, akamvutia kiti, na chai ikaletwa.

Kosgei hakuzunguka mbuyu. Alimuuliza siku ile Molo walishusha magunia gani.

"Ya mbele," alisema Mburu bila hata kufikiri. "Kama arobaini hivi. Tulitolea kwa ule mlango wako. Nyuma hatukugusa."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Nani aliniuliza? Nyinyi wawili mlikuwa mnapigana, weldi, mkia, weldi, mkia. Mimi dereva niingilie hapo ndio nifutwe kazi?" Akamtazama usoni. "Kwani kuna nini sasa?"

Kosgei alimweleza, pamoja na mambo ya doti ya njano. Mburu alicheka mpaka chai ikampalia, halafu akaona mwenzake hacheki, akajifuta mdomo.

Kosgei anaishi London, ile ya Nakuru, katika nyumba yenye geti, madirisha na mapaa aliyoyachomelea mwenyewe. Mkewe, Cherono, alikuwa anaambua maharagwe mlangoni. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, kwa maana habari za lori lile alikuwa amezisikia mara nyingi kuliko Zaburi.

"Naweza kumwonyesha nusu," alisema Kosgei. "Nimwonyeshe pua inatangulia. Atafikiri ni mkia tu. Ataniomba msamaha mbele ya watu, na mimi naenda nyumbani."

"Unaweza," alisema Cherono.

"Nikimwambia yote, nitabadilisha kovu kwa kidonda. Nitatoka pale nikiitwa mtu wa mlango."

Cherono alitupa ganda. "Unataka weldi yako isafishwe, ama unataka wewe mwenyewe usafishwe? Hiyo ni vitu mbili. Jiulize ni gani imekukosesha usingizi."

Kosgei alichukua kiganja cha maharagwe akamsaidia kuambua, vibaya, na Cherono akamwacha.

Singh alirudi siku ya Alhamisi, na saa ya chakula ilipofika alikuta Kosgei amekalia kiti chake mbele ya kompyuta na mafundi wote wako dirishani. Unnati alikuwa ameeneza habari. Singh alivuta kiti kingine, akatoa chapati zake.

"Leo unatuvunjia nini?" aliuliza. Watu wakacheka.

"Angalia tu, mzee."

Kosgei alirusha chombo taratibu, ule utaratibu wa siku ya njaa, akamwonyesha doti ya njano ikirudi nyuma. Pua ikainuka. Akausimamisha mchezo hapohapo, chombo kikaning'inia wima. Akaweka kidole cheusi kwenye skrini.

"Kiungo kimekatika?"

Singh alisogea mbele. "Hapana."

"Na sasa?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Sasa ndiyo imekatika." Chapati ya Singh ilibaki hewani nusu njia. "Rudisha nyuma."

Kosgei alirudisha. Singh aliangalia mara tatu, na kila mara alizidi kuwa mdogo kwenye kiti. Hakuwa mjinga. Alikuwa amechora malori kwa miaka arobaini na alijua anaangalia nini. Dirishani mtu alianza kupiga mluzi, wenzake wakamnyamazisha.

"Kwa hivyo ilisimama kwanza," Singh alisema polepole. "Weldi ilikatika ikianguka." Alitoa penseli kwenye kilemba akaiangalia kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. "Basi ni mkia. Ni mimi. Mburu angekufa pale, na ni mimi nilichora."

Lile neno lilikuwa mezani, limeiva, kilichobaki ni kulichukua. Kosgei alikuwa amelingoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alimtazama Singh, na akajua kwamba mzee huyu angekwenda nalo nyumbani na asingelala nalo. Alivuta pumzi.

"Si mkia," alisema.

"Umeona mwenyewe."

"Ngoja." Alimwambia Unnati ageuze mafuta, injini zinywe ya tanki la nyuma kwanza. Mkia haukuguswa. Chombo kikakimbia, kikaacha lami, kikapanda, na doti ya njano ikakaa mbele inakostahili. "Unaona? Mkia ni uleule, na inapanda vizuri. Shida ni kutoa za mbele na kuacha za nyuma. Hata lori. Nimeuliza Mburu. Molo walishusha magunia ya mbele arobaini."

"Walitolea wapi?" Singh alikunja uso. "Bodi hiyo ilikuwa inafunguka nyuma. Mbele huwezi kutoa kitu, labda..."

"Labda kupitia mlango," alisema Kosgei.

"Ule wa ubavuni?"

"Ule wangu. Nilikata mwenyewe, na nikamwambia Mburu aanze na za mbele." Akavua miwani. "Mkia wako haukuwa na makosa, mzee. Ni mimi niliangusha ile lori, lakini si kwa weldi."

Hakuna aliyecheka. Singh akasimama ghafla, akatoka nje, na kwa kuwa kulikuwa na chesisi mpya katikati ya ua, akaanza kuipanda. Watu wawili walikimbia kumshika, maana magoti yake hayakuwa ya kupanda kitu. Alipofika juu alijiweka sawa kilemba.

"Sikieni nyinyi wote!" aliita, na hata wa gereji jirani wakatokeza vichwa juu ya ukuta. "Mwaka wa themanini na sita, weldi ya Kosgei haikukatika! Ilivunjwa na kishindo. Mimi nimesema uongo miaka ishirini na mbili, na huyu mtu alinyamaza akafanya kazi. Leo angeweza kuniacha nibebe makosa yake. Mmemsikia wenyewe. Nani alichomelea?"

Mafundi walitazamana, hawakujua wajibu nini.

"Nauliza, nani alichomelea?"

"Kosgei!" wakajibu.

"Haya."

Kosgei alikuwa amesimama chini ya chesisi, aproni shingoni, na machozi yalikuwa yanatiririka wazi mbele ya watu aliowafundisha kazi. Hakuyafuta. Ofisini Unnati alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Uncle! Imetoka nje ya hewa! Inazunguka dunia!" Hakuna aliyegeuka.

"Lakini mlango," Singh aliendelea kutoka juu, akimwelekezea Kosgei penseli, na sauti yake ilikuwa imeanza kupata afya tena, "ule mlango wa mtu ambaye hakuna aliyemwomba mlango, huo nitausema mpaka siku ya kufa. Kila lori ikiinua kichwa hii Kenya, nitauliza nani alikata mlango."

"Sema, mzee," alisema Kosgei. "Sema kila siku, na nikistaafu nitakuwa nakuja saa ya chakula nikusikie."

Akampa mkono amteremshe.